Samaki Asiye na Miiba

Vipande kumi na viwili vilibaki juu ya meza pale sokoni Gumbo, na inzi walikuwa wengi kuliko wanunuzi. Siku tisa hakuna aliyemwuliza Christabel bei. Siku tisa tangu Ponsiano, bwana wa ofisi ya wanyamapori, akate kinyama kidogo kama ukucha na kukitia ndani ya kichupa.

Na siku ile ni Christabel mwenyewe aliyesema, "Pimeni! Mimi nauza samaki ya mto. Naapa mbele ya Mungu na hawa mama wa kanisa." Wale mama wakampigia vigelegele. Nani angemshuku? Katika matanga yao yote yeye ndiye aliyepika.

Lakini moyoni alikuwa na kijiwe. Samaki wa mto ana miiba. Huyu aliyetoka kwa Lubega, mwenye stoo kubwa kule Sherikat, hakuwa nayo. Ndani yake mlikuwa na kitu laini kama sikio la mtu. Ngozi nayo ilikuwa kama tupa ya kunolea panga, wateja wakalalamika inakwaruza ulimi. Basi Christabel alijifunza kuibambua, polepole, asubuhi mpaka adhuhuri, kisha akazikausha nyama tena kwa moshi wa kuni hadi ile harufu ngeni ikaisha. Mara moja tu alimwuliza Lubega ni samaki gani.

"Nyabo, mama yangu," Lubega alicheka, "kwani unataka kumposa? Samaki ni samaki."

Hakuuliza tena. Alikuwa na wajukuu wanne na meza moja.

Siku ya kumi gari la ofisi likasimama. Ponsiano alishuka na karatasi, akasoma kwa sauti, soko zima lisikie. Maabara imesoma vinasaba, alisema. Mnyama hata umbambue, umkatekate, umpake moshi, nyama yake itautaja ukoo wake. Huyu ni papa, yule mwenye kichwa kama nyundo. Vingine ni taa, yule samaki bapa wa mkia mrefu. Ni wanyama wa bahari wanaolindwa, na kuwauza bila kibali ni kosa.

Akamwonyesha picha. Miaka mitatu Christabel alikuwa ameushika mwili wa kiumbe huyu. Leo ndiyo aliuona uso wake. Macho yamekaa huku na kule, kama ndugu waliogombana.

"Mapezi yake iko wapi?" Ponsiano aliuliza. "Hiyo ndiyo ya bei kali."

"Inakujaga bila kichwa, bila pezi. Mimi iko napata nyama tu. Uliza Lubega."

"Lubega ana karatasi. Imeandikwa samaki mkavu."

"Si ndiyo hiyo hiyo aliniuzia! Stoo yake mlipima?"

"Tulienda. Ilikuwa na kufuli." Ponsiano aligeuza kipande juu ya meza. "Na ngozi ni nani alitoa? Ni wewe. Ulikuwa unaficha."

"Nilitoa sababu inakwaruza watu ulimi."

"Ee, na mwizi anafuta nyayo zake sababu anapenda usafi."

Watu wakacheka. Rebecca, mkubwa wa wale mama wa kanisa, hakucheka.

"Uliapa, yaa Christabel," alisema taratibu. "Na jina letu ukaliweka ndani. Ulikuwa unajua?"

Christabel alifukuza inzi mezani. Aliukumbuka ule ulaini wa sikio chini ya kisu, asubuhi baada ya asubuhi.

"Meza hii kalas, imefungwa," Ponsiano alisema, akatoa simu. "Sasa shika kimoja, tupige picha ya ripoti."

Kivulini, nyuma ya gari la ofisi, Lubega alikuwa amekalia kreti, anakunywa soda na dereva. Alimwinulia Christabel chupa, kama mtu anayemsalimu jirani.

"Inua juu kidogo, mama," Ponsiano alisema. "Uso usijifiche."

Akainua. Jua liliimulika ile nyama, ya kahawia kwa moshi, nyororo, bila tundu hata moja la kisu. Alikuwa ameibambua vizuri.