Mguu wa Mgema

Kwenye mnazi wa kumi na tatu, mguu wa kushoto ulimgomea Darsan. Aliinama kuutazama ajue uko wapi, maana wenyewe haukumwambia kitu. Ulining'inia kando ya kidato kama mguu wa mtu mwingine. Moto ukamshuka kutoka kiunoni, ukapita nyuma ya paja, ukazimikia kwenye vidole vilivyokufa ganzi. Akalikumbatia shina lililoloa mvua ya alfajiri.

Mwezi uliopita daktari wa mjini Purwokerto alimwonyesha picha: pingili mbili za uti wa mgongo zimeubana mshipa wa fahamu. "Mzee, minazi basi," alimwambia. Nyumbani Darsan alisema ni uchovu tu, akachemshiwa tangawizi.

"Baba Lasmi!" Ilikuwa sauti ya mkewe, Saminah, kutoka chini. "Kandambili yako nimeiokota kule mferejini. Umetembea mguu mmoja peku, hujui? Au siku hizi unatembea umelala?"

Darsan alizidi kulikumbatia shina. Kicheko cha Saminah kikakatika.

"Umekwama?"

"Mguu siusikii."

Saminah akaanza kusema polepole. "Usitazame chini. Shusha wa kushoto. Bado. Bado... rudisha ndani kidogo. Hapo! Umekanyaga. Kaza mikono."

Kidato kwa kidato, Darsan akashushwa na sauti ya mkewe. Alipogusa ardhi akaketi matopeni.

"Daktari alisema nini? Nataka kweli."

Akamwambia. Akangoja kutukanwa.

"Imebaki mingapi?" Saminah aliuliza.

"Huu na mingine tisa. Iache, Mama Lasmi."

"Utomvu ukichacha, sukari guru tutapika kwa mate?" Alikwisha kuikunja saruni na kuipitisha katikati ya miguu. Akachomoa kisu kiunoni mwa mumewe. "Baba yangu alikuwa mgema. Unadhani nilikuwa nakaa chini kumpigia makofi?"

"Miaka thelathini hujapanda!"

"Na wewe mwezi mzima hujasema kweli."

Akapanda. Vidato vile Darsan alivichonga kwa urefu wa miguu yake mwenyewe. Kila hatua Saminah alilazimika kujinyoosha, vidole vikipapasa shina. Darsan alifungua kinywa amwelekeze, sauti isitoke. Chembe za gome bichi zikamdondokea usoni. Hakuthubutu kupepesa macho.