Jina Pembeni mwa Bodi

Mimi kusamehe sijui, na simwombi mtu radhi kwa hilo.

Miezi saba nilichora bodi ile. Moduli ni kompyuta nzima yenye ukubwa wa kadi ya benki, lakini peke yake haina pa kupokea umeme wala pa kuchomeka waya. Bodi ndiyo huibeba na kuipa vyote. Ofisini kwetu Peenya, Bengaluru, anayechora bodi huandika jina lake pembeni. Hiyo ndiyo heshima yetu, hatuna nyingine.

Nikaenda Udupi siku tatu, mama akitolewa mtoto wa jicho. Kurudi, bosi wangu Nadig ameshatuma mchoro wangu kiwandani. Pembeni ameandika: G. NADIG.

Nikaufungua. Alikuwa amebeba mchoro wa Jumanne, ambao soketi ya moduli niliichora kinyume, kana kwamba naitazama kutoka chini. Umeme ungeingia kwenye pini zisizo zake. Nilikwisha kuirekebisha Jumatano, lakini kwenye kompyuta yangu tu. Kiwanda kilikuwa hakijaanza kuitengeneza, kwa hiyo nikaenda mlangoni kwake kumwambia.

"Bosi, kuhusu ile bodi..."

"Unalilia jina, siyo?" Akacheka, wenzangu wanasikia. "Dada Sharvani, wewe umechora mistari tu. Mistari hata mwanangu wa chekechea anachora!"

"Haya, bosi."

Nikarudi kukaa. Habari ya soketi nikaimeza pamoja na chai yangu.

Bodi zilifika siku ya Ayudha Puja, sikukuu ya Kihindu. Siku hiyo zana huabudiwa, hazifanyi kazi. Hata bisibisi hupumzika. Nadig akaivika bodi moja maua, akaipaka nukta ya kumkumu, ule unga mwekundu wa ibada, akatangaza itawashwa kesho yake, siku ya heri ya kuanza mambo, mbele ya mteja. Kuijaribu kwanza? Nani angethubutu siku ile? Mimi nilikula laddu mbili, tamutamu za sikukuu.

Asubuhi akaja mteja mwenyewe, Bi. Kalavati Shenoy, mwenye mashine za kupima maziwa. Nadig akapachika moduli, akawasha. Ta! Moshi ukapanda, harufu ya plastiki ikafunika ya ubani.

Bi. Shenoy akavaa miwani, akainamia pembe ya bodi. "G. Nadig. Si ndiye wewe?"

"Mama, kusema kweli, aliyechora hasa ni huyu dada..."

Wote wakanigeukia. Sitadanganya, niliona raha.

"Mimi, bosi? Mimi nilichora mistari tu."

Bi. Shenoy akachukua mkoba wake, akaondoka.

Nadig akaja mezani kwangu. "Ulijua?"

"Nilikuja mlangoni kwako kukwambia."

"Mchoro sahihi unao?"

"Ninao."

"Nipe basi, dada yangu. Tafadhali."

Nikazima kompyuta, nikachukua mwavuli wangu.

"Mwambie mwanao akuchoree."