Mstari wa Tatu wa Utangulizi

Ilikuwa siku ya tatu tumefungiwa kiwandani. Simu zetu zilikuwa kwenye droo ya mlinzi, na hakuna kutoka mpaka katiba mpya ichapwe. Mimi ndiye msahihishaji; ukurasa hauingii mashineni bila saini yangu.

Asubuhi mkurugenzi aliniletea utangulizi. Mstari wa tatu ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu: "Tukiwakumbuka waliouawa barabarani wakizidai haki hizi." Kaka yangu ni mmoja wao. Maiti hatukupewa, cheti cha kifo hatukupewa. Mstari ule ndio pekee nilioweza kumwahidi mama.

"Dada, huo ni utangulizi tu," alisema. "Hauna kifungu wala adhabu. Ni pambo."

"Kama ni pambo, mbona mnahangaika kuliondoa?" nilimjibu. "Vifungu vinasema tuna haki gani. Huu unasema tumezipataje, na nani alizifia. Mkiufuta, wajukuu zetu watadhani tulipewa kwa hisani yenu."

Alivuta kiti, akaketi mlangoni. "Basi tutakaa."

Tukakaa. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Wenzangu wakaanza kunitazama kwa jicho baya. Fundi mitambo, tunayemwita Bwana Grisi kwa kuwa hata shati lake la harusi lilikuwa na doa, alinivuta pembeni.

"Mke wangu anajifungua wiki hii, mdogo wangu. Nakuelewa, wallahi. Lakini ukigoma wewe, ataletwa mwingine. Tia saini tutoke."

Alisema kweli, na nilimchukia kwa hilo. Nikatia saini.

Siku tuliyofunguliwa kila mfanyakazi alipewa nakala. Mama hajui kusoma. Aliipokea kwa mikono miwili, akanirudishia.

"Nisomee pale alipo mwanangu."

Nikafungua utangulizi, nikakodolea macho karatasi, nikamsomea mstari ambao haukuwamo. Niliumaliza wote bila kuinua macho.

Akaweka kidole kwenye ukurasa. "Ni hapa?"

"Ndiyo, mama. Hapo hapo."

Alilia kimyakimya, kisha akajifuta uso na kukunja pembe ya ukurasa ili asipapoteze.

"Jumapili nitawaita shangazi zako wote," akasema. "Mwalimu wa nyumba ya pili atatusomea. Wewe pumzika, mwanangu, sauti imekukauka."