Kivuko cha Zamani cha Kimali

Mwanaasha alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Bariadi, lakini siku za mapumziko alibeba mashine ya kutafutia vyuma ardhini, ile ambayo wachimba dhahabu huiita ditekta. Dhahabu haikumshughulisha. Alitaka kujua watu wa zamani walipita wapi na waliangusha nini. Ndiyo maana alikusanya ramani za enzi za ukoloni, na katika mojawapo aliona njia ya miguu ikivuka mto karibu na Kimali, mahali ambapo leo hakuna njia.

Mwenye shamba la pale, mama aitwaye Kabula, alimkuta kando ya mto.

"Mwangaluka, mayu," Mwanaasha alisalimu kwa Kisukuma, kisha akajieleza na kuomba ruhusa.

"Mwangaluka. Tafuta, ila pamba yangu usiikanyage. Na ukipata kitu, nikione kwanza."

Mwanaasha alipima ukingoni kwa mashine mpaka jua likawa kali, akaambulia vizibo vya soda. Akakaa, akafungua ramani tena. Mto wa kwenye ramani ulijikunja; huu ulio mbele yake ulinyooka.

"Mama Kabula, shambani kuna sehemu ya mchanga?"

"Pale katikati. Pamba haijawahi kukubali. Kwa nini?"

"Nadhani mto ulipita pale."

Kabula aliutazama ule mkanda mweupe wa ardhi. Alikuwa amelima humo tangu aolewe na hakuwahi kujiuliza. Wakaufuata pamoja hadi ulipojikunja, pale ramani ilipoonyesha njia ikivuka. Mashine ikalia.

Kabula mwenyewe ndiye aliyechimba. Kikatoka kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, kipana, chenye mkia wa kuchomekwa kwenye mpini. Chini yake kulikuwa na cha pili, na cha tatu, vimeshikana.

"Majembe ya wahunzi wa zamani," Kabula alisema taratibu. "Bibi yangu alisema watu walikuwa wanayatoa kama mahari."

"Basi kuna mtu alivuka na mzigo, maji yakamzidi."

"Anakwenda kuoa?"

"Au anarudi, amekataliwa."

Kabula alicheka kidogo. Walikubaliana majembe yakae kwake mpaka ofisa utamaduni wa wilaya aje kuyaona. Mwanaasha akaanza kukunja ramani, lakini mwenzake hakuondoka mchangani.

"Ng'ambo ya mchanga huu hujapima," Kabula alisema. "Lete hiyo mashine, unionyeshe inavyoshikwa."