Rubani Aliyebaki Juu ya Ngano

Mke wa rubani alikuwa anamimina dawa ya viwavi kwenye pipa, glovu zimemfika viwikoni, helikopta ilipogonga waya. Ilikuwa inaruka chini chini, kama kawaida ya kunyunyizia, miguu yake karibu inapapasa masuke ya ngano. Waya huo wiki iliyopita haukuwepo. Meneja wa shamba aliuvuta kupeleka umeme kwenye pampu mpya, na mipira ya rangi ya machungwa, ile inayofungwa kwenye waya ili marubani wauone, ilikuwa bado stoo. Rubani hakuambiwa.

Helikopta ilianguka, ikavunjika mkia, ikamwaga dawa yote mferejini. Rubani hakuanguka. Alibaki palepale hewani kando ya waya, ameketi, magoti kayakunja, kama mtu aliyeondolewa kiti akaona kusimama ni usumbufu. Daktari aliletwa, akapanda ngazi ya fundi umeme, akampima, akasema mbavu zote nzima ila apunguze chumvi.

Kisha akapanda mkewe. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Baba watoto, shuka twende nyumbani."

"Sishuki. Nikishuka leo, kesho watamleta mwingine agonge hapahapa. Wafunge mipira kwanza."

Mke alimjua mumewe. Huyu ndiye aliyekataliwa posa mara tatu, akarudi mara ya nne na kiti chake mwenyewe. Basi akashuka peke yake, akaenda ofisini hivyo hivyo, ananuka dawa.

Meneja hakuwa mtu wa makelele. Alimwagizia chai, akamweleza kwamba ili mipira ifungwe lazima umeme uzimwe kutwa nzima, pampu isimame, na ngano ina kiu. Labda wiki ijayo. Wiki ijayo ilipofika, ikawa wiki ijayo. Meneja akamkumbusha kwamba subira yavuta heri. Mama yule akamjibu kwamba heri yenyewe imekaa hewani na ngazi ipo, aende akaivute.

Tangu hapo akawa anafika ofisini kila Jumatatu. Siku nyingine alipanda ngazi na chakula cha mchana, akamnyoa mumewe ndevu, akamfungulia mwavuli mvua ikinyesha. Watoto walisoma hesabu zao kwa sauti kutoka chini na baba yao akawasahihisha. Nyumbani kitanda kilikuwa kipana kupita kiasi, na hilo lilimuuma, lakini alikataa kulilia ofisini.

Rubani mpya akaajiriwa. Asubuhi yake ya kwanza alimwona mtu ameketi juu ya ngano, akainua helikopta, akauvuka waya, akampungia mkono. Alinyunyizia shamba zima bila hata mkwaruzo. Meneja alitazama yote hayo dirishani, akafurahi sana. Kesho yake alituma zawadi, ovaroli mpya ya rangi ya machungwa.

Mama yule aliielewa zawadi hiyo kabla hajaikunjua. Akapanda nayo, akamwambia mumewe asiiguse.

Rubani akafikiri. "Nikiivaa, mipira haifungwi. Nisipoivaa, siku yenye ukungu yule kijana atakufa."

"Najua," alisema mkewe.

Akamshikia mikono ya ovaroli, naye akaivaa. Kila Ijumaa mkewe hupanda kuichukua akaifue, akimwachia shuka jekundu ajifunike mpaka ikauke. Ofisini haachi kwenda. Makarani wamemzoea, humsogezea kiti wakiendelea na kazi zao.

Jumatatu hii meneja alimkaribisha mwenyewe, akafunga mlango, akamsifia mumewe kwa bidii. Alisema wanavuta waya mwingine, upande wa pili wa shamba, kwenda ghalani. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama rubani ana mdogo wake.