Usioshe

Jumatatu, tarehe 10 Novemba 2025. Asubuhi manyunyu yalianguka Garsen, halafu jua likatoka kali hata matope yakafuka mvuke.

Mimi na mume wangu Josiah tulifika mapema kwa daktari wa macho. Jumatatu iliyopita alitolewa mtoto wa jicho, akawekewa lenzi ndogo ya plastiki. Jicho la pili halioni tangu zamani. Siku mbili alitutazama nyuso akicheka, kisha jicho likawa jekundu, likauma, likatoa usaha. Ijumaa mwanetu Caleb alimrudisha. Daktari Hawo akamchoma dawa ndani ya jicho lenyewe, akalifunga. Alisema vijidudu vimeng'ang'ania lenzi, na visipopungua kufikia leo, ataitoa.

Tangu hapo ombi langu ni moja: "Bwana, mwachie hilo moja."

Leo Hawo alifungua bandeji, akauliza, "Mama Caleb, kuna mtu alimwosha jicho?"

"Mimi, daktari. Kila asubuhi kabla hamjalifunga, kwa maji ya mto. Niliyatuliza kwa shabu, tope likazama, nikayaombea. Karatasi yenu ndiyo iliyosema."

Nikaitoa ndani ya Biblia, nikaisoma kama tunavyosoma jioni kwenye darasa la ngumbaru. "U-o-she ji-cho."

Hawo akaweka kidole juu ya neno. "Rudia polepole, mama."

"U... si... o... she."

Ile "si" ilikuwa palepale, kwenye kunjo la karatasi.

Josiah akaangua kicheko. "Daktari katoa mtoto tu. Mama Caleb akataka na jicho!"

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Katika nyumba yetu, nani mwingine amewahi kunisomea?" Akaupapasa mkono wangu, akaushika.

Hawo akamulika jicho kwa muda mrefu. Kisha akainua vidole. "Vingapi, mzee?"

"Viwili. Kimoja kina pete."

Machozi yakanitoka. Hawo akasema usaha umepungua, lenzi itabaki. Sindano nyingine leo, na matone ya dawa kila saa.

Akanipa karatasi mpya. Nilipofungua kinywa kuahidi, akasema, "Usiniahidi mimi. Waahidi hawa."

Wagonjwa sita waliokuwa wakingoja zamu wakageuka kwenye benchi. Nikasimama, mkono wa Josiah ungali mkononi mwangu, nikasema kwa sauti:

"Sitaosha jicho la Josiah. Na hiyo 'si', mbele za Mungu na mbele yenu, sitairuka tena."