Bomba Lipo

Kazini walimwita Bi Desimali, kwa sababu neno "kama" lilimkera. Ukimwambia watu walikuwa kama mia, atakuuliza, "Kama mia, au mia?" Alikuwa mtakwimu wa serikali kwa miaka kumi na minne, na kazi yake aliipenda kama wengine wanavyopenda kuimba.

Mwaka huo yeye na wenzake walizunguka mji nyumba kwa nyumba kwa wiki sita, wakiuliza maswali mawili. Nyumba ina bomba? Na bomba hilo limetoa maji wiki hii? Katika kila nyumba mia, tisini na moja zilikuwa na bomba. Zilizopata maji hazikufika hata arobaini. Akaandika safu mbili kwenye jedwali, akamkabidhi mkurugenzi wake, akaenda zake nyumbani kupumzika.

Jumamosi alikuwa uani anafua na mama mkwe wake, maji wakiyapima kwa kikombe, redio iko dirishani. Mara ikatoka sauti ya mkurugenzi, imejaa bashasha: "Asilimia tisini na moja ya wakazi wa mji huu sasa wana maji!"

Mama mkwe akanyanyuka, povu hadi viwikoni. "Alaa! Kumbe ni sisi tu tuliosahauliwa?" Akaokota ndoo mbili. "Wacha nikaombe kwa hao waliojaliwa."

"Mama, subiri kwanza..."

Lakini mama huyo akishaamua jambo hana breki. Akabisha kwa jirani, fundi cherehani, Bi Desimali akimfuata nyuma. Fundi akatoka na ndoo yake mwenyewe mkononi. Naye alisikia redio, alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenda kwao. Wakafuatana hadi kwa mwenye duka, wakamkuta mkewe mlangoni kashika dumu. Kufika kona ya mtaa walikuwa watu kumi na saba na vyombo vyao, kila mmoja anamtafuta mwenye maji.

"Hao tisini na moja wajitokeze, watugawie!" akapaza sauti fundi cherehani.

"Labda wamehama," akajibu mke wa mwenye duka.

Mtu akajaribu bomba la shule. Likakoroma, likapiga chafya, likatema mende. Watu wakashika mbavu, na Bi Desimali akacheka nao hadi machozi yakamtoka.

Kisha fundi cherehani akauliza, "Hivi nani aliyetuhesabu?"

Bi Desimali akaacha kucheka. Mama mkwe akageuka, akamtazama. Jicho lile lilimchoma kuliko kusutwa.

Jumatatu hakungoja chai. Aliingia moja kwa moja kwa mkurugenzi. "Bosi, safu ya pili imekwenda wapi?"

"Ah, Bi Desimali, keti. Uongo uko wapi hapo? Bomba lipo, umelihesabu mwenyewe." Hakuwa mtu mbaya, aliwaogopa wakubwa tu. "Uchaguzi umekaribia, watu wanahitaji matumaini. Wakituunga mkono, maji tutawaletea. Kwa sasa tufunike kombe mwanaharamu apite."

"Na mafundi wa maji wakiambiwa kazi imekwisha, watarudi kuchimba mitaro ya nini? Huku ni kuwapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, bosi. Tena kwa mkono wangu."

Mkurugenzi akaangalia saa. "Keshokutwa waziri anakutana na waandishi wa habari. Wewe utakaa nyuma yangu utabasamu. Basi."

Jumatano akakaa nyuma yake. Kutabasamu kukamshinda. Waziri akasoma ile tisini na moja, makofi yakapigwa. Mwandishi mmoja akanyoosha kalamu, akauliza hesabu hiyo kaifanya nani. Mkurugenzi, bila kufikiri, akaonyesha nyuma. "Mtaalamu wetu huyu hapa. Atathibitisha."

Bi Desimali akasimama.

"Nathibitisha. Wenye bomba ni asilimia tisini na moja. Wenye maji ni thelathini na nane." Akameza mate. "Nukta nne."

Mtu wa nyuma kabisa akaangua kicheko kwa ile nukta nne, kikaambukiza viti vyote. Waziri alikuwa mwanasiasa wa siku nyingi, alijua upepo unakovuma. "Ndiyo maana nimewaita," akasema huku akijifuta jasho, "tuambiane ukweli. Kazi bado, na mafundi wataendelea." Mhandisi wa maji, ambaye asubuhi ile alikuwa ameagizwa aufunge mradi, akampungia Bi Desimali mikono yote miwili kutoka mlangoni.

Alhamisi akapewa barua ya onyo: amezungumza nje ya maelekezo. Akaenda nayo nyumbani. Mumewe akaisoma mara mbili, akakuna kichwa. Mama mkwe akataka asomewe kwa sauti, na dirisha lifunguliwe majirani wasikie.

"Kwa hiyo wameandika kwamba umesema kweli, na muhuri wakagonga?"

"Ndivyo, mama."

"Basi hicho ni cheti, mwanangu. Kitafutiwe fremu."

Mitaro ilichimbwa mwezi uliofuata. Maji yakaanza kufika mtaani kwao, Jumanne na Ijumaa tu, na redio ikatangaza vivyo hivyo: Jumanne na Ijumaa tu.